Msomaji Kama Mgeni: Riwaya za Abdulrazak Gurnah na Swali la Ubinadamu Wetu wa Pamoja

Tarehe 7 Oktoba 2021 Akademia ya Uswidi ilitangaza kwamba Tuzo ya Nobel ya Fasihi ya mwaka ule amepewa Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Unguja aliyekuwa ameishi Uingereza kwa zaidi ya miaka 50. Hapa Tanzania habari hiyo ilipokewa kwa furaha na pia kwa mabishano. Wengine walimpongeza kama mwana wa nchi. Wengine waliuliza ni Mtanzania wa namna gani mtu aliyeondoka akingali kijana, akachukua uraia wa nchi nyingine, na ambaye riwaya zake zote ameziandika kwa Kiingereza. Katika mabishano hayo jambo moja lilidhihirika: wengi wa waliobishana hawakuwa wamesoma hata kitabu chake kimoja. Sisi wa vyuo vya theolojia hatukuwa na sifa ya kuwacheka, maana nasi hatukuwa tumemsoma.

Makala hii haikusudii kuamua Gurnah ni wa nani. Inakusudia kueleza jinsi anavyomtendea msomaji wake, na kwa nini jambo hilo linatuhusu sisi tunaojiandaa au tunaowaandaa wengine kwa huduma ya Neno katika nchi ambayo Wakristo na Waislamu huishi mlango kwa mlango. Tena lipo jambo la pili, ambalo halitufurahishi sana. Katika mojawapo ya riwaya zake mwandishi huyu ameingia ndani ya nyumba ya misheni ya Kijerumani, akatazama, na akaandika alichokiona.

Kwanza maisha yake kwa ufupi. Alizaliwa Unguja mwaka 1948. Mapinduzi ya Januari 1964 yalimkuta akiwa mwanafunzi wa shule, na hofu iliyofuata ilimfanya aondoke akiwa na umri wa miaka 18. Huko Uingereza alifanya kazi ya utumishi hospitalini, akasoma katika mji wa Canterbury, na mwaka 1982 akapata shahada ya udaktari katika Chuo Kikuu cha Kent, ambako baadaye alifundisha fasihi hadi alipostaafu mwaka 2017. Riwaya yake ya kwanza, Memory of Departure, ilitoka mwaka 1987. Ya pili, Pilgrims Way (1988), inamhusu kijana wa pwani yetu anayefanya kazi za chini katika hospitali ya mji uleule wa Canterbury, chini ya kivuli cha kanisa kuu ambalo mahujaji wa Ulaya waliliendea kwa miguu kwa karne nyingi. Hakurudi nyumbani mpaka mwaka 1984. Amesimulia kwamba katika safari ile alimwona baba yake, mzee sasa, akipita kwenda msikitini, akajiuliza: mzee huyu aliona nini alipokuwa mtoto, wakati Wazungu walipokuwa wakiimarisha utawala wao? Kutokana na swali hilo ilizaliwa riwaya ya Paradise, iliyotolewa mwaka 1994.

Mwandishi anayetakiwa kueleza

Gurnah si mtu wa kwanza wa pwani ya Waswahili kuandika akiwa Ulaya. Yafaa tumkumbuke Mtoro bin Mwinyi Bakari, mwalimu kutoka Dunda karibu na Bagamoyo, ambaye tangu mwaka 1900 hadi 1905 alifundisha Kiswahili katika Seminari ya Lugha za Mashariki huko Berlin. Wanafunzi wake wengi walikuwa watu waliojiandaa kuja kututawala. Yeye ndiye aliyeandika sehemu kubwa ya Desturi za Wasuaheli, kitabu kilichochapishwa mwaka 1903 kwa jina la Carl Velten, na ambacho mpaka leo ni hazina kwa yeyote atakaye kujua habari za kuzaliwa, kuoa, kuuguza na kuzika katika Mrima wa karne ya kumi na tisa. Lakini baadhi ya wanafunzi hawakukubali kumheshimu mwalimu mweusi. Mwaka 1905 aliporejea pamoja na mkewe Mjerumani, serikali ya koloni haikuwaruhusu kushuka Dar es Salaam. Alirudi Ujerumani, na huko alifariki mwaka 1927.

Naliweka jina lake hapa kwa sababu hali yake inatuonyesha mtego anaokutana nao Mwafrika aandikaye mbele ya macho ya Ulaya. Anatakiwa aeleze. Watu wenu huoaje? Huamini nini? Kwa nini hufanya hivi? Mtoro alijibu kwa uaminifu na kwa ufasaha, na kazi yake tunaishukuru. Hata hivyo aliyeuliza ndiye aliyekuwa na amri, na majibu yalikwenda kwake. Aliyeeleza watu wake vizuri kuliko wote hakupewa hata ruhusa ya kuingia nyumbani kwao na mkewe.

Gurnah ameandika katika wakati mwingine, na kwa lugha ya wenyeji wake, ila matakwa ya wachapishaji hayajabadilika sana. Baada ya kupata tuzo alieleza katika mahojiano kwamba wachapishaji wa Uingereza hupenda kukionyesha kilicho kigeni kuwa kigeni zaidi: maneno ya Kiswahili au Kiarabu yapigwe chapa kwa herufi za mlazo, na mwisho wa kitabu iwekwe faharasa ya maana zake. Yeye amekataa. Kwa hiyo katika Paradise kijana Khalil humwita mwenzake Yusuf kwa jina la dhihaka, kifa urongo, na neno hilo linasimama palepale katikati ya Kiingereza bila taa wala kengele. Msomaji wa Kiswahili hucheka mara moja. Analijua jani lile linalosinyaa likiguswa, na anaona jinsi jina linavyomfaa mtoto aliye mwoga na mwenye ndoto nyingi. Msomaji wa London hana budi kungoja, kama mgeni aliyeketi barazani huku wenyeji wakizungumza.

Wako wahakiki wanaouona huu kuwa ni mchezo wa lugha tu. Mimi nauona kuwa ni msimamo juu ya mwanadamu. Mtu akilazimika kujieleza kabla hajasikilizwa, amekwisha kuwekwa chini ya yule anayemsikiliza. Gurnah huanza na watu wake wakiwa wamekaa kwao, wakidaiana, wakisengenyana, wakipika, wakiogopana, wakipendana, na humwacha msomaji aingie kwa adabu. Ajaye kama mgeni ataelewa mengi kadiri anavyokaa.

Yusuf wa vitabu viwili

Msomaji Mkristo wa bara naye ni mgeni katika nyumba hii, na hapa ndipo somo linapotugusa. Paradise ni hadithi ya mtoto wa miaka 12 ambaye baba yake, mwenye hoteli katika mji mdogo kando ya reli, ameshindwa kulipa deni. Basi anamtoa mwanawe kwa tajiri wa pwani, ambaye mtoto amezoezwa kumwita mjomba. Yusuf anapanda gari moshi akidhani anakwenda kutembea. Khalil, aliyetangulia kufikwa na jambo lilelile, ndiye anayemfumbua macho: yule si mjomba, na wewe uko hapa kwa ajili ya deni la baba yako. Desturi hiyo ya kumweka mtu rehani ilijulikana katika nchi zetu nyingi, wala haikuletwa na Wazungu. Gurnah haifichi.

Jina la kijana, uzuri wake, ndoto zake, kuuzwa kwake, na mke wa bwana anayemtamani, yote hayo yatamkumbusha mwanafunzi wa theolojia Mwanzo 37 na 39. Naam, lakini akisoma kwa Biblia peke yake atapitwa na jambo. Katika Mwanzo mke wa Potifa hubaki na vazi la Yusufu mkononi, na vazi hilo huwa ushahidi wa uongo dhidi yake. Katika Kurani, Sura ya 12, kanzu ya Yusuf huraruliwa, na kwa kuwa imeraruliwa kwa nyuma inathibitika kwamba yeye alikuwa akikimbia. Vazi lilelile linamtetea. Katika riwaya, nguo ya Yusuf inararuliwa kwa nyuma, na wahusika wanajua mara moja maana yake. Mkristo asiyejua jinsi jirani yake Mwislamu anavyoisoma habari ya Yusuf hatajua kwa nini jambo dogo kama upande wa mpasuko lina uzito.

Nimesikia ikisemwa katika mijadala yetu kwamba hadithi tunazoshiriki na Waislamu ni daraja. Ni kweli, ila daraja halivukwi kwa kujua kwamba lipo. Wengi wetu tumefundishwa kuzitaja tofauti za Biblia na Kurani ili kuonyesha ipi iliyo sahihi; wachache tumefundishwa kuuliza tofauti hizo zinamfanya msikilizaji asikie nini. Gurnah hatoi mafundisho juu ya haya. Anaandika tu kama mtu aliyelelewa katika hadithi ile, na msomaji ndiye anayegundua kwamba aliyodhani ni mali yake ina chumba kingine ambacho hajawahi kukiingia.

Lakini Gurnah anaachana na vitabu vyote viwili mahali pamoja pakubwa. Yusufu wa Mwanzo hupandishwa cheo, huokoa watu wengi na njaa, na mwisho, katika sura ya 50, huwaambia ndugu zake kwamba ubaya waliokusudia Mungu aliugeuza kuwa wema. Yusuf wa Paradise hapandishwi popote. Katika kurasa za mwisho kikosi cha Wajerumani na askari wao kinapita kikikamata watu wa kuwabebea mizigo, na kijana, baada ya kujificha, anaondoka mbio kukifuata. Riwaya inakoma hapo. Hakuna sauti inayotuambia Mungu alikusudia nini. Mhubiri atatamani kuongeza sura. Namsihi asifanye hivyo haraka, kwa kuwa kizazi kizima cha vijana wa nchi hii kilikimbia nyuma ya vikosi vile, na wengi wao hawakupata kamwe sura ya 50.

Mchungaji wa Kilemba

Gurnah mwenyewe alirudi kwenye jambo hilo baada ya miaka 26, katika riwaya ya Afterlives (2020). Inaanza wakati Vita vya Maji Maji (1905–1907) vinaelekea ukingoni, vita ambavyo pamoja na njaa iliyofuata yakadiriwa viliua watu wapatao 300,000, na inapita katika Vita Kuu ya 1914–1918 iliyopiganwa katika mashamba na vijiji vyetu. Kijana Hamza, aliyetoroka utumwa wa deni, anajiandikisha askari. Luteni mmoja wa Kijerumani anamfanya mtumishi wake, anamfundisha Kijerumani, na kumwambia atamwezesha kumsoma Schiller. Baadaye sajini, kwa hasira, anamkata Hamza kwa upanga, na majeruhi huyo anaachwa katika misheni ya Kijerumani mahali paitwapo Kilemba.

Mchungaji wa pale anamtibu kwa ustadi na kwa subira. Mkewe anamtunza na kumtia moyo. Kama si watu hawa wawili Hamza angekufa, na mwandishi halipunguzi deni hilo hata kidogo. Lakini luteni alikuwa ameacha kitabu cha Schiller apewe Hamza, na mchungaji akakizuia, akiona kwamba si kitu cha mtu kama yule. Anampa mwishoni tu, baada ya mkewe kumweleza kwamba amefanya vibaya. Tena ni mchungaji huyuhuyu ambaye, akizungumzia mahali alipotumwa kuhubiri, huonyesha kwamba kwa maoni yake pangeweza kuondolewa katika historia ya wanadamu pasipo hasara yoyote.

Tuyasomeje haya sisi tulio warithi wa misheni? Wamisionari wa Berlin walifika nyanda za juu za kusini mwaka 1891, na wale wa Leipzig walianza kazi Kilimanjaro mwaka 1893. Vitabu vyetu vya jubilei vimewasimulia kama mashujaa. Vitabu vya historia ya ukombozi, kwa upande mwingine, mara nyingi vimewasimulia kama watangulizi wa bendera. Mchungaji wa Kilemba haingii katika kabati lolote kati ya hayo mawili. Hakumpiga mtu, hakumnyang'anya mtu ardhi, na aliokoa maisha. Dhambi yake, nikiruhusiwa kutumia neno la kwetu, ilikuwa kuamini kwamba mtu aliyemfunga jeraha kwa mikono yake hastahili kitabu. Aliweza kuuhurumia mwili wa Hamza, wala hakuweza kumdhania kuwa msomaji.

Nakiri kwamba sehemu hii ilinisumbua kuliko maelezo ya vita. Ukatili wa sajini ni rahisi kuukataa. Wema wenye mpaka ni mgumu kuuona, hasa ukiwa umetulea. Na mpaka huo haukuondoka na Wajerumani. Ni mara ngapi katika sharika zetu tumeamua kwamba jambo fulani ni zito mno kwa washarika, tukawapa lililorahisishwa na kubaki na kitabu sisi wenyewe?

Habari ya Hamza inaendelea pwani, ambako anampenda Afiya, msichana aliyewahi kupigwa hadi mkono ukaumia kwa kosa la kujua kuandika. Hamza anachukua beti za Schiller na kumtafsiria kwa Kiswahili. Kitabu alichonyimwa kinakuwa barua ya mapenzi katika lugha yetu. Kaka yake Afiya, Ilyas, anapenda Ujerumani kwa moyo wote, anahamia huko, na mwisho wake ni katika kambi ya mateso ya Sachsenhausen. Habari yake inafanana na ya mtu halisi, Bayume Mohamed Husen, aliyezaliwa Dar es Salaam mwaka 1904, akawa askari mtoto, akafundisha Kiswahili Berlin, na kufa katika kambi hiyohiyo mwaka 1944. Tarehe 1 Novemba 2023 Rais Frank-Walter Steinmeier wa Ujerumani aliomba msamaha mjini Songea kwa matendo ya Maji Maji. Waliokwenda na kufia kwao hawakuwa sehemu ya hafla ile.

Ubinadamu usio kauli ya mkutano

Husemwa mara nyingi kwamba waandishi kama Gurnah hutufundisha kuwa wanadamu wote ni wamoja. Kauli hiyo ni nyepesi mno kwa kazi yake. Katika By the Sea (2001) mzee Saleh Omar, mwenye miaka 65, anafika uwanja wa ndege wa Gatwick akiomba hifadhi, akijifanya hajui Kiingereza. Katika mzigo wake mna kisanduku cha udi wa thamani. Afisa wa uhamiaji, akidhani haeleweki, anamweleza kwamba hata wazazi wake mwenyewe walikuwa wakimbizi kutoka Romania. Ila wao, anasema, ni Wazungu, ni wa familia. Kisha anachukua ule udi. Hapo tunaona kwamba mtu aweza kukiri mateso ya pamoja na bado akafunga mlango.

Ubinadamu wa pamoja katika riwaya ile unapatikana kwingine, na kwa taabu zaidi. Saleh Omar amesafiri kwa jina la mtu mwingine, marehemu ambaye familia yake iligombana naye vikali kwa sababu ya nyumba na deni. Mtoto wa marehemu, Latif Mahmud, naye anaishi Uingereza. Wanaume hawa wawili, ambao kila mmoja anayo hadithi ambayo ndani yake mwenzake ni mwovu, wanaketi pamoja na kusimuliana. Hawaombani msamaha kwa maneno makubwa. Kila mmoja anasikiliza sehemu asiyoijua ya hadithi yake mwenyewe. Wanafunzi wa teolojia ya upatanisho wataona jinsi ilivyo mbali na taratibu zetu za upatanisho, ambazo hupenda kumalizika kabla ya chakula cha mchana.

Imebaki hoja ya lugha, nami siipuuzi. Kuna haki katika lalamiko kwamba hadithi za pwani yetu zimesomwa Stockholm kabla ya Tanga. Mwaka 2022 kampuni ya Mkuki na Nyota ilitoa tafsiri ya Paradise iliyofanywa na Ida Hadjivayanis, kwa jina la Peponi. Neno hilo ni lile tulilonalo katika Luka 23:43, katika ahadi ya Yesu kwa mhalifu msalabani, na ndilo Waislamu wanalolitumia kwa bustani ya wacha Mungu. Katika tafsiri kifa urongo halimngojeshi tena mtu barazani. Kwa hiyo msomaji wa Kiswahili hana kisingizio, ingawa yule wa bara atakuta adabu na maneno ya pwani ambayo yatamtaka naye angoje kidogo.

Mwaka jana niliwapa wanafunzi wa darasa la historia ya Kanisa zoezi hili: waandike taarifa ambayo mchungaji wa Kilemba angeipeleka kwa wakuu wake Ujerumani juu ya yule askari majeruhi. Walikuwa 23. Waliandika vizuri, wakaeleza jeraha, dawa, sala za jioni, na juhudi za mke wa mchungaji. Waliokitaja kitabu walikuwa wawili, na mmoja wao alimtetea mchungaji.